Ujira, Hongo na Haki ya Mnyonge

Aghalabu maswali ya maadili huulizwa juu ya wafalme, mahakimu na matajiri, kana kwamba watu wadogo hawana mema wala maovu yastahiliyo kupimwa. Katika insha hii nataka kuuliza swali juu ya mtu aliyeishi kwa nguvu za miguu yake. Mtu akiwa chini ya sheria imnyimayo sehemu ya haki yake, naye akaivunja, je, ana lawama? Na akiwa ana lawama, je, lawama hiyo yamwondolea haki ya kudai alichonyimwa? Maswali haya mawili huchanganywa mara nyingi yakafanywa moja, na mchanganyiko huo ndio uletao hukumu za haraka. Wako wamsameheo mtu kila kitu kwa kuwa alidhulumiwa, na wako wamnyimao kila kitu kwa kuwa alikosa.

Mtu nimwekaye mbele ya msomaji ni William Meredith, ambaye watu wa zama zake walimwita Billy, mchezaji wa mpira wa miguu kutoka Wales. Alizaliwa tarehe 30 Julai 1874 karibu na Chirk, kijiji kilicho mpakani mwa Wales na Uingereza, katika nchi ya machimbo ya makaa ya mawe. Alipofikia umri wa miaka 12 aliingia katika mgodi wa Black Park, akapewa kazi ya kuongoza farasi wadogo wavutao makaa chini ya ardhi. Mpira aliucheza katika saa alizobakiziwa na mgodi. Mwaka 1894 alikuwa katika timu ya Chirk iliyotwaa Kombe la Wales, na mwaka huo huo aliitwa na klabu ya Manchester City. Hapo kwanza alicheza bila ya malipo, akishinda mgodini siku za kazi na kupanda gari la moshi kwenda kucheza siku ya mchezo. Mwezi wa Januari 1895 akawa mchezaji wa kulipwa, na kazi ya mgodini ikawa nyuma yake.

Mahali pake uwanjani palikuwa pembeni, upande wa kulia. Alikuwa na mazoea ya kucheza huku ameuma kijiti cha meno kinywani, na kijiti kile kikawa alama yake katika picha na vikatuni vya magazeti. Tarehe 23 Aprili 1904 aliwaongoza wenziwe wa Manchester City, yeye akiwa nahodha, katika fainali ya Kombe la Uingereza iliyochezwa Crystal Palace, London, dhidi ya Bolton Wanderers. Watu zaidi ya 60,000 walitazama. Bao lilikuwa moja tu, na Meredith ndiye aliyelifunga. Yule mtoto wa mgodini alikuwa sasa miongoni mwa watu mashuhuri kabisa katika kazi yake, na hapana shaka wengi waliolipa kiingilio siku ile walilipa kwa ajili ya kumwona yeye.

Sasa na tutazame sheria iliyomtawala mtu huyu. Chama cha Mpira cha Uingereza kilikuwa kimeamuru kwamba tangu msimu ulioanza mwaka 1901 mchezaji yeyote asilipwe zaidi ya pauni 4 kwa wiki, na kwamba malipo ya kutia sahihi yasizidi pauni 10. Fauka ya hayo ulikuwako utaratibu wa kuandikishwa, ambao Ligi iliushika tangu mwaka 1893. Mchezaji akiisha kuandikwa na klabu, hakuweza kuchezea klabu nyingine ya Ligi bila ya idhini ya ile ya kwanza, hata baada ya mkataba wake wa msimu kumalizika. Klabu iliweza kumzuia na iliweza kumuuza. Katika Februari 1905 Middlesbrough ilitoa pauni 1,000 kwa Sunderland ili impate Alf Common, na bei hiyo iliwashangaza watu. Lakini bei ile ilikwenda kwa klabu. Mtu aliyeuzwa kwa pauni 1,000 alibaki chini ya sheria ya pauni 4.

Haki yataka tuseme neno kwa upande wa waliotunga sheria hiyo. Pauni 4 kwa wiki haikuwa njaa. Ilizidi ujira wa watu wengi waliofanya kazi za mikono wakati ule, na ilizidi sana kile alichokipata Meredith gizani nyuma ya farasi wake. Tena sheria ilikuwa na sababu: klabu za miji midogo ziliogopa kwamba bila ya mpaka matajiri wa miji mikubwa wangewanunua wachezaji wote wema, na mchezo ungekufa kwa kukosa ushindani. Hofu hiyo haikuwa ya kipumbavu. Asiyekubali hivyo hajaitazama kesi hii kwa macho mawili.

Walakini dhuluma haipimwi kwa njaa peke yake. Lugha yetu ina maneno mawili yafaayo kutusaidia hapa. Mshahara, kwa asili yake ya Kiarabu, ni malipo yafuatayo mwezi, na kwa hiyo hupimwa kwa muda. Ujira, nao asili yake ni Kiarabu, ni malipo yafuatayo kazi, na maana yake yakaribia thawabu. Mwenye kulipa mshahara auliza: siku ngapi zimepita? Mwenye kulipa ujira auliza: kazi gani imefanywa, nayo yafaa nini? Sheria ya pauni 4 ilitoa mshahara na kuzuia ujira. Ilisema kwamba wenye klabu waweza kupatana juu ya bei ya mchezaji wao kwa wao, bali mchezaji mwenyewe asipatane juu ya bei ya kazi yake. Hapo ndipo penye kasoro. Mtu aweza kupokea kidogo kwa hiari akawa huru, na aweza kupokea kingi kwa amri akawa si huru.

Wako wachezaji wa siku hizo waliojifananisha na watumwa. Sisi wa pwani hii, ambao neno hilo lina makaburi yake katika ardhi yetu, hatuwezi kulikubali fananisho hilo pasipo kulipunguza. Mtumwa hakuweza kuondoka. Meredith aliweza kurudi Chirk wakati wowote na kushika tena kazi ya makaa. Lakini na tuutazame uhuru huo ni wa namna gani. Ni uhuru wa kuiacha kazi yako, si uhuru wa kuwa mtu ndani ya kazi yako. Seremala aambiwaye kwamba aweza kumkimbia bwana wake kwa sharti la kutoshika tena randa amepewa mlango, ila mlango huo unatokea nje ya useremala. Huo si utumwa, wala haustahili kuitwa haki.

Basi ikawaje? Ikawa kama iwavyo po pote penye sheria isiyolingana na mambo. Klabu zilizotaka wachezaji wema zililipa kwa siri. Meredith alikuja kukiri baadaye kwamba Manchester City ilimlipa pauni 6 kwa wiki. Vitabu vya hesabu vilionyesha jambo moja na mifuko ya wachezaji jambo jingine. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na klabu ilijua kwamba haiwezi kutwaa makombe kwa mikono iliyofungwa na sheria. Hili ndilo tendo la kwanza tulipimalo: kupokea kwa siri zaidi ya kilichoruhusiwa.

Tendo la pili lilitokea tarehe 29 Aprili 1905. Ilikuwa siku ya mwisho ya msimu, na Manchester City ilihitaji ushindi juu ya Aston Villa ili ibakiwe na tumaini la ubingwa wa Ligi. Mchezo ulikuwa wa ukali mwingi na magomvi, na City ilishindwa mabao 3 kwa 2. Katika uchunguzi uliofuata, Alec Leake, mchezaji wa Villa, alitoa habari kwamba Meredith alimwahidi pauni 10 ili Villa ikubali kushindwa. Meredith alikana. Chama cha Mpira hakikumsadiki, kikamfungia asicheze msimu wote uliofuata. Mwaka 1906 maneno yake yalibadilika: alisema kwamba ahadi ile aliitoa kwa agizo la katibu wa klabu, Tom Maley.

Ni vema tusimame hapa na kuyatenga matendo haya mawili, kwa kuwa watetezi wa Meredith huyafunga katika kamba moja. Husema: sheria ilimdhulumu, kwa hiyo fedha za siri zilikuwa desturi, kwa hiyo pauni 10 zilikuwa moja tu ya fedha za siri. Mwanzo wa maneno hayo una kweli, na mwisho wake hauna. Aliyepokea pauni 2 zaidi alichukua kitu kilichokuwa na asili katika jasho lake, kutoka kwa mtu aliyetaka kukitoa. Aliyemwahidi Leake pauni 10 alitaka kununua kitu ambacho Leake hakuwa na haki ya kukiuza. Juhudi ya Leake siku ile haikuwa mali yake peke yake. Ilikuwa ahadi kwa wenziwe kumi, na kwa maelfu waliolipa viingilio vyao, wengi wao wakiwa watu wa viwandani waliotoa sehemu ya ujira wao ili waone shindano la kweli. Dhuluma aliyotendewa Meredith na wakubwa haikumpa ruhusa ya kuwadhulumu watu hao, ambao hawakutunga sheria yo yote.

Neno hongo lenyewe lina fundisho. Katika karne ya kumi na tisa, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ilitoa hongo kwa watawala wa nchi ilizopitia, na hongo hiyo ilikuwa ushuru wa njia, jambo la wazi, lililopatanwa mchana mbele ya watu wote. Leo neno lilo hilo ni aibu. Kitu chenyewe, fedha itolewayo ili njia ifunguke, kingali kile kile. Kilichobadilika ni kwamba njia si mali ya aifunguaye, na malipo hayawezi tena kutajwa mchana. Methali yetu ya kejeli, penye udhia penyeza rupia, inalo neno moja ambalo limebeba hukumu yote, nalo ni penyeza. Kipenyezwacho hakipiti mlangoni. Pauni 10 za Leake zilikuwa za kupenyezwa, na kwa hiyo zilikuwa hongo kwa maana ya leo, si kwa maana ya misafara.

Je, agizo la katibu lamwondolea lawama? Tuseme ni kweli Maley aliagiza. Agizo hugawanya lawama, lakini haliifuti. Lau Meredith angekuwa kijana mgeni, aliyeingia jana na kutishwa kufukuzwa leo, tungeligawanya kwa namna nyingine. Lakini alikuwa mtu wa miaka 30, nahodha aliyeinua kombe, mtu ambaye klabu ilimhitaji kuliko yeye alivyoihitaji klabu. Mwenye uwezo wa kusema hapana asiposema, ukimya wake ni wa hiari.

Tendo la tatu ni la kusema kweli, na la ajabu ni kwamba ndilo gumu kuliko yote kulipima. Meredith alipokuwa amefungiwa, alikwenda kwa klabu yake kudai fedha. Kwa hesabu yake alikuwa ametumwa, na aliyemtuma alipaswa kumlisha. Klabu ilikataa, na mwisho ikampeleka yeye mbele ya Chama cha Mpira kwa kosa la kudai. Ndipo alipofungua kinywa. Alieleza habari za pauni 6, za malipo ya siri, na za agizo la Maley. Chama kikafungua vitabu, na mwaka 1906 hukumu ikatoka: wachezaji 17 walitozwa faini, wakafungiwa hata tarehe 1 Januari 1907, na wakakatazwa kuichezea tena Manchester City. Maley alifungiwa bila ya muda. Timu iliyotwaa kombe mwaka 1904 ikavunjika.

Mtu aweza kuuliza: kweli hii yastahili sifa gani? Ikiwa klabu ingemlipa, yamkini angenyamaza. Kweli yake ilitoka kwa hasira, na ilipotoka iliwaunguza wenziwe waliokula naye sahani moja. Jibu langu ni kwamba tusichanganye thamani ya kweli na thamani ya msemaji. Kweli iliyosemwa kwa hasira ni kweli bado. Asemaye ndiye asiyepata thawabu yake yote. Maneno ya Meredith yalifunua jambo ambalo watu walilijua na hawakulisema, nalo ni kwamba sheria ya pauni 4 ilikuwa imefanya uongo kuwa sehemu ya kawaida ya hesabu za mpira. Aliyefunua hakuwa mtakatifu. Lakini tukingoja watakatifu ndio wafunue mambo, mengi yatabaki yamefunikwa.

Tena hatuna budi kuwatazama mahakimu nao. Waliwaadhibu waliopokea, na wakawaadhibu baadhi ya waliolipa. Sheria yenyewe hawakuiadhibu. Hawakuuliza kwa nini klabu yenye wakurugenzi, watu wa heshima katika mji wao, ilikubali kuandika vitabu vya uongo kwa ajili ya pauni 2. Sheria inapovunjwa na mmoja, mmoja huyo ashukiwe. Inapovunjwa na klabu nzima, kuanzia mwenye kiti mpaka mchezaji wa akiba, imefika zamu ya sheria kushukiwa.

Meredith alihamia klabu jirani, Manchester United, pamoja na baadhi ya wenziwe waliofungiwa, na siku ya kwanza ya mwaka 1907 akacheza tena. Hapo ndipo maisha yake yanapochukua njia ambayo kwayo nimeona yafaa kuandikiwa insha. Katika Aprili ya mwaka huo, mchezaji mwenzao wa United, Thomas Blackstock, alianguka uwanjani katika mchezo wa timu ya akiba, akafa. Jamaa zake hawakupata fidia. Tarehe 2 Desemba 1907 wachezaji walikutana katika Imperial Hotel, Manchester, Meredith akiwa mwenye kiti wa mkutano, na Charlie Roberts, nahodha wa United, akiwa miongoni mwa viongozi wa shauri lile. Wakaunda Chama cha Wachezaji. Walitaka kuondolewa kwa mpaka wa pauni 4, walitaka mchezaji awe na neno katika kuuzwa kwake, na walitaka walioumia kazini na wajane wa waliokufa walindwe kama sheria ilivyowalinda wafanya kazi wengine.

Mwaka 1909 jambo likafika kilele. Chama cha Mpira kiliondoa kibali chake kwa Chama cha Wachezaji, kikawaamuru wachezaji wajitoe kabla ya tarehe 1 Julai, na asiyejitoa asicheze. Wengi katika nchi walijitoa, na hatuwezi kuwacheka. Walikuwa na watoto wa kulisha. Wachezaji wa Manchester United, waliokuwa wametwaa Kombe la Uingereza mwezi wa Aprili uliotangulia, walikataa. Klabu iliwafungia mlango na mishahara ikakatika. Wakaenda kufanya mazoezi Fallowfield kwa shauri lao wenyewe, wakapigwa picha wakiwa na kibao kilichoandikwa kwamba wao ni klabu ya waliotupwa nje. Tim Coleman wa Everton akajiunga nao, na msimu ulipokaribia kuanza, wachezaji wa klabu nyingine wakaanza kurudi upande wao. Mwisho wa Agosti patano likafanywa. Chama cha Wachezaji kilitambuliwa, na malipo ya ziada yakaruhusiwa kwa mipaka. Pauni 4 zikabaki pale pale, na utaratibu wa kuzuiwa na kuuzwa ukabaki.

Sasa na tulinganishe Meredith wa 1905 na Meredith wa 1909. Sheria ilikuwa ile ile na mtu alikuwa yule yule. Katika wakati wa kwanza aliivunja gizani, kwa faida yake na ya klabu yake, na gharama ya tendo lake ilibebwa na wengine. Katika wakati wa pili aliikataa mchana, jina lake likiwa wazi, kwa faida ya wachezaji wengi ambao hakuwajua kwa sura, na gharama aliibeba mwenyewe. Nadhani hapa swali letu la kwanza limepata jibu. Kuvunja sheria ya dhuluma si jambo moja. Ni mambo mawili yaliyovaa vazi moja. Avunjaye kwa siri huiacha sheria ikiwa hai, tena huilisha, kwa kuwa faida yake ya siri yategemea wengine waendelee kuitii. Akataaye kwa wazi huiita sheria mbele ya watu na kuiuliza sababu yake. Wa kwanza ametafuta tundu la kutorokea peke yake, na wa pili ametaka ukuta ubomolewe.

Sisemi kwamba mtu huyu alitubu, kwa maana sina kipimo cha moyo wake. Yamkini uchungu wa kuachwa na klabu yake ndio uliomfundisha kwamba mchezaji akiwa peke yake hana mtetezi, hata akiwa bingwa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ikiwa uchungu wa mtu mmoja hugeuka kuwa ulinzi wa wengi, hatuna haja ya kuukataa ulinzi kwa kuwa ulianza kwa uchungu.

Wala maisha hayakumwandalia hadithi iliyonyooka. Siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 2 Aprili 1915, Manchester United iliishinda Liverpool mabao 2 kwa 0 katika mchezo ulioisaidia United isishuke daraja. Ikagunduliwa kwamba matokeo yale yalipangwa na baadhi ya wachezaji wa timu zote mbili, waliowekea fedha dau, na wachezaji 7 wakafungiwa maisha. Miongoni mwao alikuwamo Sandy Turnbull, mwenziwe Meredith tangu siku za City, aliyekufa vitani Ufaransa mwaka 1917. Meredith naye alikuwamo uwanjani siku ile. Alisema hakujua lo lote, ila alitia shaka kwa kuwa wenziwe hawakumpa mpira. Fikiri, msomaji, juu ya mzee yule wa pembeni, anayesimama akingoja mpira usiokuja. Mwaka 1905 alitaka kununua mchezo, na mwaka 1915 mchezo ulinunuliwa yeye akiwa ndani yake. Maelfu waliotazama siku ya Leake wangeliweza kumwambia: ndivyo tulivyokuwa nasi.

Aliendelea kucheza kuliko ilivyosadikika. Kwa taifa lake la Wales alicheza michezo 48, wa mwisho wake ukiwa dhidi ya Uingereza mwezi wa Machi 1920, naye ana miaka 45, na Wales ikashinda mabao 2 kwa 1. Mwaka 1921 alirudi Manchester City. Tarehe 29 Machi 1924 alicheza katika nusu fainali ya Kombe dhidi ya Newcastle United, akiwa amebakiza miezi minne kutimiza miaka 50. Baada ya hapo aliacha. Alikufa mjini Manchester tarehe 19 Aprili 1958, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa katika kaburi lisilo na jiwe.

Mpaka wa ujira uliondolewa Januari 1961, wakati ulipokuwa umefika pauni 20 kwa wiki, baada ya wachezaji kutishia kugoma. Mwaka 1963 mahakama, katika kesi ya George Eastham, ilitoa hukumu kwamba utaratibu wa kumzuia mchezaji uliokuwapo ulikuwa kizuizi kisicho haki cha kazi ya mtu. Kwa hiyo Meredith alikufa miaka 3 kasoro kabla ya pauni 4 zilizozaa pauni 20 kwenda zake, na miaka 5 kabla ya sheria ya nchi kusema jambo ambalo yeye na wenziwe walilisema Manchester mwaka 1907. Mwaka 2001 kaburi lake liliwekewa jiwe, na miongoni mwa waliochangia ni chama kile cha wachezaji na klabu zake mbili.

Nimefika kwenye swali la pili, nalo nalijibu kwa methali ambayo wengi huitamka nusu. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Watu hudhani methali hii ni ya huruma, na kumbe ni ya hesabu. Inasema kwamba ziko daftari mbili. Katika ya kwanza huandikwa alilolikosa mtu, na yakiwapo ya kunyongwa kwayo, anyongwe. Katika ya pili huandikwa anachokidai, na deni lake halifutiki kwa kuwa daftari ya kwanza imejaa. Chama cha Mpira kilikuwa na haki ya kumwadhibu Meredith kwa pauni 10 za Leake. Hakikuwa na haki ya kuifanya adhabu hiyo kuwa jibu la dai la pauni 4. Na watetezi wake nao wana haki ya kulisimamisha dai hilo, bila ya haki ya kulitumia kama sabuni ya kuoshea zile pauni 10.

Faida ya kushika daftari mbili si ya mchezaji wa zamani peke yake. Kila penye kazi na malipo, bandarini, shambani au ofisini, mdai akisimama hutafutiwa kosa, na kosa likipatikana dai husahauliwa. Hukumu ya namna hiyo ni nyepesi, na kwa sababu hiyo hupendwa. Kabla hatujaitoa juu ya mtu ye yote, na tuulize mara mbili: amefanya nini? Kisha: anatudai nini? Aliyejibu swali moja tu hajamaliza kazi ya hakimu.